Nani Amwandikie Mraibu Dawa? Karne ya Sheria za Marekani na Kivuli Chake Afrika Mashariki

Katika nchi nyingi daktari akishasajiliwa na baraza la taaluma yake huwa na mamlaka ya kuandika karibu kila dawa iliyomo katika duka la dawa, iwe ya shinikizo la damu, ya kifafa au ya maumivu makali ya saratani, na sheria humwamini kwamba anaijua mipaka ya ujuzi wake bila kupangiwa idadi ya wagonjwa anaoruhusiwa kuwatibu. Dawa zinazotibu uraibu wa afyuni zimewekwa nje ya utaratibu huo. Kwa miongo mingi, na hasa nchini Marekani ambako jambo hili limetungiwa sheria nyingi na kubadilishwa mara nyingi, swali la nani anaweza kuziandika limejibiwa na wabunge, majaji na askari kabla ya kuwafikia waganga, na majibu hayo yameamua kwa kiasi kikubwa ni wagonjwa gani wanaopata tiba na ni gani wanaofariki wakiisubiri.

Afyuni ni utomvu uliokaushwa wa mmea wa popi, na humo hutoka mofini, ambayo kutokana nayo hutengenezwa heroini. Jamii hii ya dawa sasa inajumuisha pia zile zinazotengenezwa viwandani, kama vile oksikodoni na fentanili. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuzitegemea hudaiwa dozi kila baada ya saa chache, na akiikosa hupatwa na hali ambayo watumiaji wa pwani ya Afrika Mashariki huiita arosto: hutapika, huharisha, mifupa humuuma, jasho humtoka na usingizi humpaa. Methadoni na buprenofini, dawa zinazotumika kutibu uraibu huo, nazo ni za jamii hiyohiyo, na hapo ndipo palipoanzia utata wote wa kisheria, ingawa utendaji wake ni tofauti. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, hivyo dozi moja kwa siku huzuia arosto bila kumlewesha aliyekwisha kuizoea. Buprenofini, ambayo aghalabu huwekwa chini ya ulimi, hushika vipokezi vilevile vya ubongo lakini kwa nguvu yenye kikomo, kiasi kwamba kuongeza dozi kupita kiwango fulani hakuongezi sana hatari ya pumzi kukatika. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa zote mbili katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, na tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kwamba hatari ya kifo kwa mgonjwa aliyemo katika tiba hizi hupungua kwa takriban nusu au zaidi, akilinganishwa na yule aliye nje.

Mzizi wa sheria za Marekani uko katika Sheria ya Harrison ya mwaka 1914, ambayo kwa maandishi yake ilikuwa sheria ya kodi: kila aliyeingiza, kuuza au kutoa afyuni na kokeini alitakiwa kujisajili, kulipa ushuru na kutunza kumbukumbu. Daktari aliruhusiwa kutoa dawa hizo ikiwa tu anafanya hivyo katika kazi yake ya utabibu, na maneno hayo machache ndiyo yaliyozua vita. Maofisa wa Wizara ya Fedha walishikilia kwamba kumpa mraibu mofini ili asipatwe na arosto hakuhesabiki kuwa utabibu, na mwaka 1919, katika kesi ya daktari wa Memphis aliyeitwa Webb, Mahakama ya Juu ilikubaliana nao kwa wingi wa kura. Kliniki ambazo baadhi ya miji ilikuwa imezifungua kwa ajili ya waraibu, ikiwemo ya New York na ile ya Shreveport katika jimbo la Louisiana, zilifungwa moja baada ya nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1925 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya daktari wa Spokane aliyeitwa Linder, aliyekuwa ameshtakiwa kwa kumpa mtoa habari wa serikali kidonge kimoja cha mofini na vitatu vya kokeini, ilimfutia hatia kwa kauli moja ya majaji na kusema kwamba uraibu ni ugonjwa na mraibu anastahili kutibiwa. Hukumu hiyo ilikuja wakati madaktari wamekwisha kuogopa. Wenzao walikuwa wameburutwa mahakamani na wengine kufungwa, na kwa karibu miaka 40 iliyofuata ni wachache sana waliothubutu kuupima uhuru ambao Linder aliwapatia kwenye karatasi.

Ukimya huo ulivunjwa mjini New York katikati ya miaka ya 1960, pale Vincent Dole, mtafiti wa magonjwa ya umetaboli katika Taasisi ya Rockefeller, na Marie Nyswander, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa ametumia miaka mingi akiwahudumia waraibu wa Harlem, walipoanza kuwapa wagonjwa wa heroini methadoni ya kunywa kila siku. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1965 yalihusu wagonjwa 22 tu, lakini yalionyesha watu waliokuwa wamekatiwa tamaa wakirudi kazini, shuleni na kwa familia zao. Idara ya shirikisho ya mihadarati iliwapinga waziwazi, na Dole alisimama imara kwa hoja kwamba sheria haimzuii daktari kutibu. Serikali ilipoikubali tiba hiyo, iliikubali kwa masharti. Kanuni za mwaka 1972 na sheria ya mwaka 1974 zilielekeza kwamba methadoni ya uraibu itatolewa na vituo maalumu vilivyosajiliwa peke yake, vyenye ukaguzi wa polisi wa dawa, kumbukumbu za kila mililita, na ratiba iliyoamua ni lini mgonjwa anaweza kupewa dozi ya kwenda nayo nyumbani.

Utaratibu wa kituo cha namna hiyo unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake sheria hugeuka kuwa maisha ya mtu. Mgonjwa hufika alfajiri ili awahi kazini, hupanga foleni hadi dirishani, hutaja jina na namba yake, kisha muuguzi humpimia dawa ya maji katika kikombe kidogo na kumtazama akiinywa. Baada ya hapo huambiwa anywe maji kidogo na aseme neno lolote, ili ihakikishwe kuwa dawa imeshuka tumboni na haikubaki shavuni kwenda kuuzwa. Kesho yake hurudi. Anayeishi mbali na kituo husafiri saa nyingi kwa dozi ya dakika moja, na kwa miaka mingi jimbo zima la Wyoming halikuwa na kituo hata kimoja. Daktari wa familia wa mtaani kwake, anayemtibia kisukari na kuwachanja watoto wake, haruhusiwi kumwandikia methadoni kwa ajili ya uraibu. Lakini daktari huyohuyo anaweza kumwandikia methadoni ileile kwa maumivu ya mgongo, na mfamasia wa jirani akaitoa bila tatizo. Kinachobadilika ni jina la ugonjwa peke yake. Hakuna hoja ya kitabibu inayoweza kuueleza mpaka huo ikaridhisha, kwani hatari ya dawa haitegemei neno lililoandikwa juu ya cheti.

Buprenofini ilitarajiwa kuubomoa ukuta huo. Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Matibabu ya Uraibu wa Dawa, iliyowaruhusu madaktari kwa mara ya kwanza tangu enzi za Harrison kutibu uraibu wa afyuni ofisini mwao kwa dawa ya jamii hiyo, na Oktoba 2002 mamlaka ya chakula na dawa iliidhinisha vidonge vya buprenofini, kikiwemo kile kilichochanganywa na naloksoni, dawa inayopinga afyuni, ili kuwakatisha tamaa wanaotaka kujidunga. Ruhusa hiyo nayo ilifungwa kamba. Daktari alitakiwa kupata mafunzo ya saa nane, kuiarifu serikali, na kupewa na shirika la kupambana na dawa za kulevya, DEA, namba ya pili ya usajili iliyoanza na herufi X, ambayo alipaswa kuiandika katika kila cheti cha buprenofini. Aliruhusiwa kuwa na wagonjwa 30 tu kwa wakati mmoja. Mwanzoni kikomo hicho kilihesabiwa hata kwa kundi zima la madaktari wanaofanya kazi pamoja, kiasi kwamba hospitali kubwa yenye madaktari kadhaa ilikuwa sawa na ofisi ya mtu mmoja. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 2005. Mwaka 2006 daktari aliyekwisha kukaa mwaka mmoja na ruhusa aliweza kuomba kufikia wagonjwa 100, na mwaka 2016 baadhi yao waliruhusiwa kufikia 275.

Ili kuona uzito wa jambo hili ni lazima kukumbuka kilichokuwa kikitokea upande wa pili wa chumba hichohicho cha daktari. Oksikodoni ya kutoa dawa polepole, iliyouzwa kwa jina la OxyContin, iliingia sokoni mwaka 1996, na daktari yeyote mwenye usajili wa kawaida wa DEA aliweza kuiandika bila saa hata moja ya mafunzo ya ziada na bila kikomo cha wagonjwa. Kwa hiyo sheria ilimwachia daktari awaanzishie wagonjwa 1,000 dawa inayoweza kuwatia uraibu, kisha ikamzuia kumtibu mgonjwa wa 31 aliyekwisha kuupata. Mpangilio huo ulidumu miaka yote ambayo vifo vya kuzidisha dozi vilipanda, kwanza kwa dawa za maumivu, baadaye kwa heroini, na mwishowe kwa fentanili, hadi kufikia mwaka 2022 ambapo zaidi ya Wamarekani 100,000 walikufa kwa dozi zilizozidi, wengi wao kwa dawa za jamii ya afyuni. Haitakuwa haki kusema kwamba namba ya X ndiyo iliyowaua. Lakini ni haki kusema kwamba taifa lililokuwa na dawa inayopunguza vifo liliendelea kuihesabu kwa vidole mbele ya maiti.

Suala la wauguzi lilichelewa zaidi. Katika majimbo mengi ya Marekani muuguzi mwenye shahada ya juu ya uuguzi huandika dawa kwa mamlaka yake mwenyewe, na tabibu msaidizi, ambaye kwa mafunzo na majukumu anakaribiana na tabibu wa Tanzania au afisa wa kliniki wa Kenya, huandika chini ya usimamizi wa daktari. Sheria ya mwaka 2000 haikuwataja. Waliingizwa mwaka 2016, kwa sharti la mafunzo ya saa 24, yaani mara tatu ya yale ya daktari, na ruhusa yao ikapewa tarehe ya kuisha. Ni mwaka 2018 tu ilipofanywa ya kudumu. Hata hivyo wao ndio waliofika kwanza katika kaunti nyingi za vijijini ambazo hazikuwahi kuwa na mtu yeyote mwenye ruhusa hiyo. Ripoti ya mkaguzi wa wizara ya afya ya shirikisho ya mwaka 2020 iligundua kwamba asilimia 40 ya kaunti za nchi hiyo bado hazikuwa na mtoa huduma hata mmoja aliyeruhusiwa kuandika buprenofini. Juu ya sheria ya shirikisho kulikuwa na sheria za majimbo, na baadhi ya majimbo yaliendelea kuwazuia au kuwabana wauguzi hata baada ya Washington kuwafungulia mlango.

Kwamba njia nyingine iliwezekana, Ufaransa ilikuwa imekwisha kuonyesha. Tangu mwaka 1996 daktari yeyote wa kawaida wa nchi hiyo aliweza kuandika buprenofini bila leseni ya pekee wala mafunzo ya lazima, na mgonjwa akaichukua katika duka la dawa la mtaani, ambapo mfamasia aliweza kuombwa kusimamia dozi za mwanzo. Methadoni iliwekewa mlango mwembamba zaidi, kwa kuanzishwa katika vituo au hospitali kisha mgonjwa aliyetulia akahamishiwa kwa daktari wake. Katika miaka minne tu vifo vya kuzidisha dozi vilipungua kwa asilimia 79. Njia hiyo haikukosa dosari, na mchambuzi mwaminifu hawezi kuzificha: baadhi ya watu walisaga vidonge na kujidunga, vingine viliuzwa mitaani, na kulikuwa na vifo vya waliochanganya buprenofini na dawa za usingizi. Swali la kisera, hata hivyo, ni kulinganisha madhara na madhara, na katika mizani hiyo vifo vilivyoepukwa vilikuwa vingi mno kuliko vilivyoletwa na ulegevu wa kanuni. Uingereza nayo imeruhusu daktari yeyote kuandika methadoni kwa ajili ya uraibu, huku ikidai leseni ya pekee kwa anayetaka kumwandikia mraibu heroini yenyewe. Mpaka unaozingatia hatari ya dawa husika ni mpaka unaoweza kutetewa, tofauti na unaozingatia aibu ya ugonjwa.

Marekani ilifika huko tarehe 29 Desemba 2022, sheria ya bajeti ilipotiwa saini ikiwa na kifungu kilichofuta namba ya X na vikomo vyote vya wagonjwa. Tangu siku hiyo kila mwenye usajili wa kawaida wa kuandika dawa zinazodhibitiwa za kundi la buprenofini, akiwemo muuguzi au tabibu msaidizi ambaye jimbo lake limemruhusu, anaweza kuandika buprenofini kwa ajili ya uraibu. Kifungu kingine kiliweka mafunzo ya saa nane, ya mara moja tu, kwa karibu wote wanaosajiliwa na DEA kuanzia Juni 2023, na hapo mantiki iligeuka ikakaa sawa: elimu ya uraibu sasa inadaiwa kwa anayetaka kuandika oksikodoni pia, wala si kwa anayetaka kuponya peke yake. Wengi walitarajia mafuriko ya wagonjwa. Takwimu za maduka ya dawa za miezi iliyofuata zilionyesha idadi ya waandikaji ikipanda, ilhali idadi ya wagonjwa waliopata dawa haikupanda kwa kiasi kilicholingana na matumaini.

Sababu zake zinafundisha zaidi kuliko sheria yenyewe. Hata wakati wa namba ya X, madaktari wengi waliokuwa nayo waliandika dawa kwa wagonjwa wachache mno, wengine hawakuandika kabisa, kwa hofu ya kukaguliwa, kwa kutojua namna ya kuanza, au kwa sababu hawakutaka waraibu waonekane katika vyumba vyao vya kusubiria. Maduka ya dawa nayo yana hofu zao. Wasambazaji wakuu, baada ya kesi kubwa za dawa za maumivu, hufuatilia oda za dawa zinazodhibitiwa na kuzizuia zikizidi kiwango, na buprenofini huangukia katika kapu hilohilo, hivyo mgonjwa mwenye cheti halali huweza kuzunguka maduka matatu bila kuipata. Kampuni za bima ziliwahi kudai idhini ya kabla. Na kuna suala la rangi: buprenofini ya ofisini ilienda zaidi kwa Wazungu wenye bima au pesa taslimu, wakati Wamarekani weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini walibaki katika foleni za methadoni. Sheria iliyojenga milango miwili ilijenga pia matabaka mawili ya wagonjwa, na kuufungua mlango mmoja baada ya miaka 20 hakuyafuti.

Methadoni, kwa upande wake, bado imefungiwa. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Aprili 2024 zimelegeza mengi: mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa dozi za siku 28 kwenda nazo nyumbani baada ya mwezi mmoja tu wa tiba, sharti la zamani la kuthibitisha mwaka mzima wa uraibu kabla ya kupokelewa limeondolewa, na wauguzi na matabibu wasaidizi wanaoruhusiwa na majimbo yao wanaweza kuagiza dawa ndani ya vituo. Ulegevu huo ulijaribiwa wakati wa janga la korona, Machi 2020, pale dozi za nyumbani ziliporuhusiwa kwa dharura, na hofu ya vifo vingi vya methadoni haikutimia. Lakini kituo chenyewe bado ndicho mlango pekee. Mswada uliowasilishwa mwaka 2023, wa kuwaruhusu madaktari bingwa wa uraibu kuandika methadoni ichukuliwe duka la dawa, ulipingwa na wenye vituo, ambao baadhi yao ni wafanyabiashara wanaolipwa kwa kila mgonjwa anayefika dirishani, na bunge la wakati huo lilimaliza muda wake bila kuupitisha. Hoja yao kwamba methadoni ni hatari kuliko buprenofini ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Ila Uingereza, Kanada na Australia zimekuwa zikitumia wafamasia kuitoa kwa miaka mingi, na ni vigumu kuamini kwamba mfamasia wa Ohio ana uwezo mdogo kuliko wa Glasgow.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki historia hii inahusu mlango wa nyumbani. Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, imekuwa ikishuka katika pwani hii kwa miongo kadhaa ikitokea Asia, na tafiti za Dar es Salaam zilionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya waliojidunga walikuwa na virusi vya Ukimwi. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kufanya hivyo kusini mwa Sahara, kisha huduma ikaenea Mwananyamala, Temeke na mikoani. Zanzibar ilifuata katika hospitali ya Kidongo Chekundu, na Kenya ilianza katika hospitali ya Mathari Desemba 2014 kabla ya kufika Malindi na Mombasa. Fedha nyingi za awali zilitoka katika mfuko wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, na pamoja na fedha lilikuja umbo la huduma: kituo maalumu, dirisha, kikombe, dozi inayonywewa mbele ya mtoa huduma kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Umbo hilo lilikuwa na manufaa yake mwanzoni, kwa kuwa liliipa serikali na jamii imani kwamba dawa haitavuja, na liliwakutanisha wagonjwa na vipimo vya Ukimwi na kifua kikuu mahali pamoja.

Lakini umbo lililobuniwa New York kwa ajili ya kuituliza hofu ya askari wa mihadarati halina sababu ya kudumu Tanga au Lamu. Katika nchi ambazo mhimili wa zahanati na vituo vya afya ni matabibu na wauguzi, kanuni inayodai daktari na jengo la pekee humwacha nje mvuvi anayelala baharini, dereva wa lori la Tunduma, kuli anayehama na vibarua, na zaidi ya wote mwanamke anayeogopa kuonekana kwenye foleni hiyo, ambaye tayari ni nadra katika vituo vilivyopo. Mataifa haya yamekwisha kuthibitisha, kwa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, kwamba tiba iliyoanzia kwa madaktari wa hospitali kubwa inaweza kukabidhiwa kwa wauguzi wa zahanati kwa mafunzo mafupi na usimamizi wa karibu, na mgonjwa aliyetulia akapewa dawa za miezi kadhaa bila kurudi kila wiki. Buprenofini, kwa kikomo chake cha hatari, ndiyo inayofaa kuanzia katika njia hiyo: tabibu wa kituo cha afya aiandike, mfamasia wa wilaya aitoe, na kituo maalumu kibaki kwa wanaohitaji methadoni na wale ambao hali zao ni ngumu. Mabaraza ya madaktari, ya wauguzi na ya famasia, pamoja na mamlaka za kudhibiti dawa za kulevya, yanaweza kuandaa kanuni za namna hiyo sasa, kabla fentanili haijaanza kuchanganywa katika unga wa pwani hii.